Kaptula Arobaini za Kanda ya Pili

Aliyelifungia sabuni gazeti la wiki jana asihangaike kulikunjua, nitamkumbusha kwa machache.

Mimi ni fundi cherehani. Miaka ishirini na sita iliyopita nilikuwa nashona kwenye kibanda kilichopakana na chumba ambamo Bendi ya Ngazi Saba walirekodi kanda yao ya pili, ile iliyowatia wazimu watu wazima na akili zao. Kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kipaza sauti chao walikitundika kwenye ukuta huo huo.

Ile tiki-tiki-ta inayokwenda chini ya magitaa, ambayo magazeti yaliiita muujiza wa ngoma, si ngoma. Ni cherehani yangu. Nilikuwa nashona kaptula za shule.

Mtu ataniuliza: fundi, mbona ulinyamaza? Wiki tano zote nimekuwa nikijibu swali hilo. Mpiga ngoma wa bendi ile, tunamwita Kiganja, ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Sifa zote alipewa yeye, na yeye mwenyewe aliamini kwamba mkono wake una akili kuliko kichwa chake. Nikaona aibu kumdai mtu sifa kwa ajili ya kaptula. Mwaka ukapita, ikapita kumi, na nyinyi mnajua siri ikishazoea mdomo haitaki kuhama.

Niliishia pale kiongozi wa bendi aliporudi mjini akiwa na meno mapya na habari kwamba Ngazi Saba wanafufuka. Nikasema nimekwisha. Kumbe nilikuwa bado sijaanza.

Jumamosi tulikutana kwa Kinyozi kama kawaida yetu.

Kinyozi ana viti viwili, kioo kimoja chenye ufa, na sheria moja: anayenyolewa haruhusiwi kutikisa kichwa, hata asikie upuuzi gani kuhusu muziki. Mteja mmoja aliwahi kutikisa kichwa kupinga hoja ya Mwalimu. Alitoka na plasta kwenye sikio, na hoja ikabaki pale pale.

Mwalimu ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Ana daftari la mistari ambamo amezigawa bendi zote kwa enzi, kama wanavyogawa historia ya wafalme.

"Tuwe na utaratibu," akasema, akalamba kidole na kufungua ukurasa. "Radi ya Mchana wana enzi nne. Enzi ya Tarumbeta, Enzi ya Kinanda, Enzi ya Mashtaka, na Enzi ya Kufungua Maduka."

"Enzi ya Mashtaka hawakutoa hata wimbo mmoja," Kinyozi akasema.

"Ndiyo enzi yao bora."

"Mwalimu, bwana, acha masihara."

"Masihara yako wapi? Waligawanyika zikawa bendi mbili zenye jina moja. Kila moja ikaishtaki nyingine kwamba inaimba vibaya. Zote mbili zikashinda kesi! Nionyeshe bendi nyingine yenye mafanikio hayo."

Kinyozi akarudi kwenye kichwa cha mteja.

"Tatizo lao ni kuacha tarumbeta," nikasema, ili nionekane nipo. "Tarumbeta ndiyo ilikuwa Radi. Walipoleta kinanda wakawa Mchana peke yake."

"Hilo nitaliandika," Mwalimu akasema, na akaliandika. Nikafurahi kijinga. Kisha akafungua ukurasa wa pili, furaha ikanitoka.

"Ngazi Saba. Kanda ya kwanza, Enzi ya Pamba. Magitaa laini, sauti za kubembeleza, unaweza kulala. Kanda ya pili, Enzi ya Chuma. Hapo ndipo kuna ile ngoma. Kanda ya tatu, Enzi ya Povu. Ngoma imekufa, bendi ikavunjika mwaka huo huo. Swali la miaka yote: ni nini kilitokea kati ya Chuma na Povu?"

"Mwanamke," Kinyozi akasema. Kwake jibu ni ama mwanamke ama nywele.

"Ukomavu," Mwalimu akasema. "Msanii akikua hupunguza kelele."

Mimi niliangalia sakafu, nywele za watu mbalimbali. Kinyozi alikuwa amepatia. Ni mwanamke aliyeiua Ngazi Saba, na mwanamke mwenyewe ni mke wangu. Tulipooana aliniambia niihamishie cherehani barazani kwetu, kwa sababu kile kibanda kilivuja. Wiki mbili baadaye Ngazi Saba wakaingia chumbani kurekodi kanda ya tatu, na upande wa pili wa ukuta hapakuwa na mtu.

"Na sikilizeni wimbo wa nne," Mwalimu akaendelea. "Ngoma inakwenda, inakwenda, halafu inakuwa nzito, inasuasua, kama inapanda mlima. Hiyo ni huzuni. Kiganja alikuwa anaomboleza kitu."

Hapo nilikuwa napita pale kwenye makutano, chini ya zipu, ambapo vitambaa vinne vya kaki vinakutana. Fundi yeyote atakwambia hapo sindano hupandishwa kwa subira.

"Na kile kimya," Mwalimu akasema, akavua miwani.

Kinyozi akazima mashine ya kunyolea. Mteja kitini akafumba macho. Hiyo ndiyo desturi yetu: kikitajwa kimya cha "Nimesahau Kofia", tunanyamaza wote mapigo manane, kama ngoma inavyonyamaza kwenye wimbo kabla ya ubeti wa mwisho. Tumefanya hivyo miaka ishirini. Mteja mgeni huwa anadhani kuna mtu amefariki.

Mapigo manane yakapita. Mashine ikaunguruma tena.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Katika kimya kile uzi wangu ulikuwa umekatika, na mimi nilikuwa nimetoa ulimi nje, nautafuta upya kwenye tundu la sindano huku nikiitukana sindano na waliomzaa aliyeitengeneza.

Kiganja mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi la kungojea, mkono wa kulia umezungushiwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

Siku hizi anapima watu uzito nje ya duka la dawa, kwa mizani ya kukanyaga. Ukipanda anakutajia kilo zako. Ukishuka anakwambia kwamba yeye ndiye aliyepiga kanda ya pili. Kuna wanaopanda kila siku ili wasikie hilo la mwisho, na uzito wao wameshaujua.

"Siku tatu za mazoezi," akasema sasa. "Mkono unapiga, sauti haitoki."

"Ulijaribu kunyoa mkono?" Kinyozi akauliza.

"Si uliunyoa wewe mwenyewe Jumatano?"

"Kweli. Nimesahau."

"Nimetia mchanga ndani ya ngoma. Nimepiga kwa vijiko. Nimepiga nikiwa na njaa, nimepiga nikiwa nimeshiba." Akauangalia mkono ule kama mzazi anayemwangalia mtoto aliyefukuzwa shule. "Kiongozi amenipa mpaka Ijumaa. Isipotoka, ananiweka kando, anachukua kisanduku cha umeme kinachopiga ngoma chenyewe. Kisanduku, jamani! Kina vitufe kumi na sita, na hakijawahi kufiwa."

Hakuna aliyecheka. Sote tulimzika mke wake miaka minne iliyopita.

Na hapa lazima niwaambie habari ya yule marehemu, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Alimsikia Kiganja redioni kabla ya kumwona. Alikuwa anafua nguo. Kilipofika kile kimya, akaacha kufua, akasema: mwanamume anayejua kunyamaza hapa, huyo ndiye mume. Akamtafuta miezi miwili, mji mzima, mpaka akampata. Wakakaa pamoja miaka ishirini na miwili, na sijapata kuona watu waliopendana vile. Siku yake ya mwisho kitandani aliomba awekewe wimbo ule. Kilipofika kimya, akainua kidole. Wimbo ulipoendelea, kidole kilikuwa kimeshashuka.

Sasa wewe nenda kamwambie mtu huyo habari za uzi.

"Labda," nikasema, "labda haikuwa mkono."

Wote wakanigeukia, hata mteja kitini, na Kinyozi akamrudisha kichwa kwa nguvu.

"Kama haikuwa mkono ilikuwa nini?" Kiganja akauliza.

Mlango ulikuwa wazi. Ningeweza kuusema ukweli wote pale pale, nikapigwa, nikapona.

"Labda hali ya hewa," nikasema.

Mwalimu akaandika: hali ya hewa.

Mke wangu ndiye mtu pekee aliyejua. Nilipofika nyumbani aliniangalia mara moja tu.

"Hukumwambia."

"Nilikaribia."

"Ulikaribia mpaka wapi?"

"Mpaka hali ya hewa."

Akaweka chini sufuria aliyokuwa anasugua. "Baba Mapacha, mficha uchi hazai. Nenda kwa yule mtu, kaa naye chini, mwambie. Ila nisikilize vizuri." Akanyoosha kidole chenye povu. "Mwambie yote, uzi usiutaje. Habari ya ngoma ni yenu wanaume, mtasameheana. Kile kimya alikipata na mke wake. Mwachie."

"Na akiuliza?"

"Akiuliza sema hapo ulikuwa umeenda chooni."

Usiku ule nilifikiri, na asubuhi nikaamka na akili ambayo hadi leo sijui niliipata wapi. Kwa nini nimwambie, wakati naweza kumsaidia? Anahitaji sauti. Sauti ninayo. Ile cherehani ya miguu ipo kona ya baraza, mapacha wanaanikia soksi.

Nilipomweleza mke wangu aliitazama cherehani, kisha soksi.

"Kwa hiyo badala ya kuongea dakika mbili," akasema, "utajificha na kushona."

"Ndiyo."

"Nami nilikataa watu wawili ili nikuchukue wewe."

Nilidhani ni kazi ya kukanyaga pedeli tu. Wapi! Cherehani ikikanyagwa bila kitambaa inalia kama panya. Nikaijaribu na satini ya wasimamizi wa harusi, ikatoka laini, ya kuteleza, Radi ya Mchana watupu wa Enzi ya Kinanda. Nikajaribu kitambaa cha pazia, ikatoka Povu. Nilitoa soksi za mapacha, nikatia mafuta, nikajaribu shuka, jinzi, hata kipande cha turubai. Bure.

Ilibidi iwe kaki. Kaki ile ile nzito ya sare za shule, na iwe kaptula hasa, kwa sababu mshono wa kaptula una mwendo wake: mrefu pembeni, mfupi miguuni, mzito pale kwenye makutano. Nikakata vitambaa vya kaptula arobaini ambazo hakuna mtoto duniani aliyeziomba. Nikashona ya kwanza, na kutoka jikoni nikamsikia mke wangu anaimba "Nimesahau Kofia" bila kujijua.

Akaacha ghafla. "Shindwa!" akapiga kelele.

Ngazi Saba walikuwa wanafanyia mazoezi kwenye stoo ya magodoro, kwa sababu magodoro yanameza kelele na majirani hawalalamiki. Mwenye stoo ni mteja wangu wa foronya. Nikamwomba chumba chake cha nyuma, kile cha magodoro yaliyochanika, chenye mlango wa ufunguo na tundu la hewa juu yake. Akanipa bila kuuliza. Mtu anayeshinda kwenye magodoro huwa hana maswali mengi.

Ikabaki kuifikisha. Alhamisi asubuhi niliifunika cherehani shuka jeupe, nikaifunga kamba juu ya mkokoteni wa jirani, nikaanza kusukuma. Mimi sikuona tatizo. Waliliona wengine. Cherehani ya miguu ukiifunika shuka jeupe inafanana na mtu mfupi aliyekufa ameketi.

Wa kwanza kuvua kofia alikuwa muuza magazeti. Akafuata fundi baiskeli. Kisha mama mmoja akanisogelea, sauti ya chini.

"Pole, baba. Alikuwa anaumwa nini?"

Nilikuwa nawaza yangu. "Kutu," nikasema.

Akashika kinywa. "Magonjwa siku hizi ni mengi."

Nilipofika njia panda walikuwa kumi na mmoja nyuma yangu, wanatembea pole pole. Bwana mmoja mwenye tai, ambaye sijawahi kumwona maishani, akaomba tusimame aseme machache. Akasema alimfahamu marehemu vizuri, alikuwa mtu wa watu, mchapakazi, hakuwahi kulalamika. Hilo la kulalamika lilikuwa kweli, maana nilikuwa nimeitia mafuta. Yule mama akalia. Na mimi, sijui kwa nini, machozi yakanitoka pia.

Nilipoingiza mkokoteni kwenye stoo ya magodoro, wakaona marehemu amepata pahali pazuri pa kupumzika. Wakatawanyika wameridhika.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa nimeshajifungia chumba cha nyuma, kaki magotini, mguu kwenye pedeli. Nilikuwa siwaoni, nawasikia tu kupitia tundu la hewa. Kinyozi na Mwalimu walikuja kushuhudia. Nilimsikia Mwalimu akifungua daftari.

"Kiganja," kiongozi akasema, na yale meno mapya yakapiga mluzi kidogo. "Hii ndiyo ya mwisho, mdogo wangu. Nakupenda, lakini kisanduku kimeshafika. Kipo kwenye gari."

"Nimeelewa, kaka."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejibu hospitali. Nikainama juu ya kitambaa.

Magitaa yakaanza. Moja, la pili, besi. Ngoma ya Kiganja ikaingia, dum, dum, kavu, ya mtu mzima anayegonga mlango wa ofisi. Nikahesabu nne, nikakanyaga.

Tiki-tiki-ta. Tiki-tiki-ta.

Gitaa la kwanza likakosea. La pili likaacha kabisa.

"Msiache!" kiongozi akapiga kelele. "Msiache, washenzi nyie! Imerudi!"

"Enzi ya Chuma!" Mwalimu akalia. "Jamani, Enzi ya Chuma!"

"Ni kunyoa!" Kinyozi akajibu. "Nilisema ni kunyoa!"

Nikashona kama sijawahi kushona. Kaptula ya kwanza, ya pili, ya tano. Jasho linadondoka kwenye kaki. Walipiga kanda ya pili yote kwa mpangilio wake, na wimbo wa nne nikapandisha sindano kwa subira pale kwenye makutano, na upande wa pili mtu mzima akalia kwa sauti. Baadaye niliambiwa alikuwa mpiga besi. Nilikuwa na furaha, lazima nikiri. Kwa mara ya kwanza nilikuwa ndani ya bendi, na hakuna aliyejua, na rafiki yangu ameokoka.

Wakafika kwenye "Nimesahau Kofia".

Nilikuwa nimeupangia wimbo huo. Sikutaka kukata uzi. Kikifika kimya, nitainua mguu, nitahesabu manane, nitaendelea. Na ndivyo nilivyofanya. Nikainua mguu. Kimya kikaingia stoo nzima. Hata magari ya nje nadhani yalisimama. Moja, mbili, tatu, nikamwona marehemu na kidole chake. Saba, nane. Nikakanyaga.

Tiki-tiki-ta. Safi kabisa.

Nikasikia gitaa la kwanza linaanza na kusita. Besi ikafuata, ikasita. Nikadhani wamebadilisha mpangilio, bendi zikifufuka hufanya hivyo. Nikaongeza mwendo kuwatia moyo. Magitaa yakanyamaza yote. Mimi nikaendelea. Mpumbavu mimi, nilidhani wamenipa nafasi nipige peke yangu.

Kisha nikamsikia kiongozi, pole pole, mluzi wa meno umekwisha.

"Kiganja. Umesimama."

Viatu vyake vikasogea hatua mbili.

"Kiganja, unapangusa macho. Fimbo ziko chini. Sasa nani anapiga?"

Nikaacha. Na kuacha ndiko kulikonimaliza, maana sauti ilikatika katikati ya ta.

Kumbe kimya kile kilikuwa kimemshika. Aliweka fimbo chini ajipanguse machozi, akashindwa kuziokota, na mimi nikaendelea kupiga ngoma yake mbele ya watu wote akiwa amesimama mikono mitupu.

"Nzuri sana," nikamsikia Mwalimu ananong'ona, penseli inakwaruza. "Enzi ya Nne. Ngoma bila mpigaji."

Nyayo zikaja. Za mtu mmoja, taratibu, zinakanyaga magodoro. Nilitafuta dirisha, hakuna. Niliwaza kuingia ndani ya godoro, na moja lilikuwa limechanika vizuri, lakini kitasa kikazunguka. Mimi niliyejifungia, ufunguo niliuacha mlangoni bila kuuzungusha.

Aliingia Kiganja peke yake, fimbo kwapani, akaurudisha mlango kwa mgongo.

Aliangalia cherehani. Aliniangalia mimi. Aliangalia lile rundo la kaptula. Akaokota moja, akaigeuza nje ndani, akaweka kidole gumba mwanzo wa mshono na kuanza kuufuata. Midomo yake ilikuwa inacheza. Tiki-tiki-ta, tiki-tiki-ta, akishuka na mguu wa kaptula, akipanda. Alipofika kwenye makutano kidole kikasuasua.

"Wimbo wa nne," akasema.

"Wa nne."

"Ulikuwa kwenye kile kibanda cha upande wa pili."

"Nilikuwa kwenye kile kibanda."

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayesomewa orodha. Nikangoja anipige. Nilitaka anipige.

"Nimenyoa mkono, fundi," akasema. "Nimenyoa mkono mzima."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ngoma chukua. Magazeti, majukwaa, kanda yote, chukua. Nilikuwa najua kuna kitu, mkono hauwezi kusahau kitu ulichokijua." Akaikunja ile kaptula vizuri, akaiweka juu ya nyingine. "Nitakuuliza jambo moja, na usinihurumie. Ukinihurumia nitajua, nami sitakuja tena kwa Kinyozi maisha yangu yote. Kile kimya. Kile mama wa nyumbani kwangu alichonifuatia. Ni changu au ni chako?"

Nilimwona mke wangu na kidole chenye povu. Nililikumbuka neno chooni. Lilikuwa mdomoni tayari.

Lakini mimi miaka ishirini na sita nilidanganya kwa kunyamaza. Kwa mdomo sikuwahi kumdanganya hata siku moja, na alikuwa ananiangalia usoni.

"Uzi ulikatika," nikasema. "Nilikuwa natafuta tundu la sindano."

Aliangalia sindano. Mimi nilihesabu, siwezi kujizuia, na yalipita mapigo manane kamili.

Kisha akageuka, akazungusha ufunguo mlangoni, akautia mfuko wa shati. Wakati ule ule kiongozi akafika na kuanza kugonga kwa ngumi.

"Fungueni! Kiganja! Uko na nani humo?"

Kiganja hakujali. Alikwenda akaketi juu ya lile rundo la kaptula, akaziweka fimbo zake magotini, akafumba macho.

"Ukate tena," akasema.

"Kiganja, ndugu yangu..."

"Piga ule wimbo, ukifika pale, ukate uzi. Kama ulivyokatika siku ile. Nataka kuusikia."

Mlango ulikuwa unatikisika. Nikavuta kaki, nikashusha sindano, nikakanyaga. Tiki-tiki-ta. Nje wakaacha kugonga, nikamsikia Mwalimu akiwanyamazisha wenzake. Nikaupita ubeti wa kwanza, nikaupita wa pili, nikakaribia pale.

Kiganja, macho yamefumbwa, akainua kidole. Nikaushika uzi, na mkono wangu ukakataa kukata.